Onyesho la Vikombe

Nekesa mwanangu,

Umeshafunga begi na umelala, nami nimebaki mezani na kazi uliyoniachia Jumapili. Ulisema, "Baba, niandikie tu vile hiyo siku ilikuwa, hata kama ni ukurasa mmoja. Mimi nitaipanga." Ulisema kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi. Nimeianza kila jioni wiki hii nikaichana, na kesho asubuhi unaondoka kwenda Nairobi kugeuza hadithi za watu kuwa michezo ya jukwaani, kazi ile ile iliyonimaliza mimi. Kwa hivyo badala ya ukurasa ulioomba, utapata barua.

Sitakuambia uvae sweta wala upige simu ukifika. Sitakuonya kuhusu vibaka wa mjini. Umekulia mtaa huu wa Section 58, wewe ndiye ungenifundisha mimi. Hayo yote shangazi yako ameyasema tangu asubuhi, na mengine ameyarudia.

Nimesoma mchezo wako. Niliusoma kwenye simu, nikakuza maandishi mpaka macho yakauma, halafu nikausoma tena. Ni mzuri. Unajua mimi si mwepesi wa kusifu, na nilitafuta kwa bidii kitu cha kukosoa, nikapata milango. Una milango mitano katika mchezo wa watu wanne. Nani atakubebea milango mitano, mwanangu? Sisi tulizunguka Rift Valley nzima na pazia moja la maua ambalo lilikuwa mlango, ukuta, hospitali na msitu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuuliza.

Lakini pale katikati umeacha nafasi. Mtoto amekufa, mama amerudi nyumbani, na chini yake umeandika kwamba Baba atakueleza. Najua mama huyo ni nani, na mtoto ni nani. Ulikuwa mdogo ndugu yako Simiyu alipotuacha. Ulipelekwa kwa jirani, na kitu pekee unachokumbuka ni kwamba ulipewa chapati. Sasa unataka kuijua siku hiyo ili uiweke jukwaani, na si kwa ubaya, ulisema unataka kumtendea mama yako haki. Ulimwuliza yeye kwanza, ulipokwenda kumwona Longonot, naye akakujibu, "Muulize baba yako. Si yeye ndiye mwandishi?" Ulinisimulia jibu hilo ukicheka. Mimi sikucheka, na labda uliona.

Wacha nikueleze kwa nini alisema hivyo.

Wakati ule kundi letu lilikuwa na watu sita na Nissan moja iliyochoka. Tulichukua hadithi ambazo wanafunzi wa sekondari walikuwa wanatahiniwa nazo, tukazigeuza michezo, tukawapelekea huko huko shuleni: Njoro, Molo, Gilgil, Subukia, kokote walikotuita. Walitutazama wakiwa kwenye ukumbi wa kulia, meza zimesukumwa ukutani, harufu ya githeri bado imejaa. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika. Mama yako alikuwa mwigizaji wetu bora, na si mimi peke yangu niliyesema hivyo. Alikuwapo pia Karis, mchekeshaji wetu, kijana wa mtaa wa Free Area ambaye angeweza kumchekesha hata mwalimu wa zamu.

Shida ya kazi hii unaijua. Mwandishi wa hadithi anaweza kusema kwamba miaka mingi ilipita, akaenda kunywa chai yake. Wewe itabidi umpake Karis unga kwenye nywele. Mwandishi anaweza kusema kwamba mama fulani aliumia moyoni, na msomaji akamwamini. Wewe mwigizaji atakuja kukuuliza: haya, nimeumia moyoni, sasa nifanye nini na hii mikono? Nilichukua miaka kuelewa kwamba swali ni hilo la mikono, na nilipolielewa nilijiona fundi. Kila hadithi niliyoisoma nilikuwa natafuta mikono. Nilikuwa nakwenda kwenye matanga ya watu, nasalimia, naketi, halafu natazama mikono ya wafiwa.

Mwaka mmoja kulikuwa na hadithi fupi ya mama aliyefiwa na mtoto. Mwandishi alisema tu kwamba mama yule alishinda siku nzima bila kuzungumza na mtu, basi. Sentensi moja, na ndiyo iliyobeba hadithi yote. Nilikaa na sentensi hiyo hapa hapa mezani siku nyingi. Nilimfanya mama apige magoti, ikawa uongo. Nilimfanya akumbatie nguo za mtoto, na hilo kila kundi lilikuwa linafanya. Halafu nikamkumbuka mama yako.

Siku ile tulirudi kutoka hospitalini kukiwa bado asubuhi. Watu walianza kufika mapema, unaijua Section 58, habari hutangulia wenyewe. Akina mama walikuja na sukari na maziwa, wakawasha jiko, wakatia chai. Unajua tena desturi: mama aliyefiwa huketi. Hashiki ufagio wala sufuria, wenzake humfanyia kila kitu. Mama yako alikataa kuketi. Alichukua karai akaenda kwenye mfereji wa maji pale nje, akaanza kuosha vikombe. Vilivyotumika vilipoisha akaosha vile ambavyo havikuwa vimetumika, kisha akavirudia vyote. Wenzake walijaribu kumwondolea kazi hiyo mikononi wakashindwa. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni na wanaume, na nilikuwa namwona.

Hiyo ndiyo niliyoiandika. Sikumwuliza. Ningependa kukuambia kwamba nilifikiri na kujipa sababu nzuri, kwamba huzuni yetu ingewafaa watoto wa watu. Sikufikiri. Nilifurahi tu kwamba nimepata mikono.

Tulikuwa tukifanyia mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa. Mama yako alifika kwenye ukurasa huo akanyamaza, wenzake wakadhani amepotelewa na mstari. Kisha akaniuliza, "Na hii maji itatoka wapi?"

"Hakuna maji," nikamwambia. "Karai ni tupu. Utaigiza tu."

"Hapana. Weka maji."

Nikamgeukia Karis nikamwambia, "Umeona mwigizaji? Anataka maji ya ukweli." Nilikuwa na furaha kama mtu aliyepata kiwanja.

Maonyesho ya mwanzo yalikwenda vizuri, ukumbi ukinyamaza mahali pa kunyamaza. Halafu tukaenda shule moja ya wavulana huko juu, ukishapita Salgaa. Ulikuwa mchana wa baridi na wavulana walikuwa wametoka kula. Mama yako akaketi kwenye kigoda, karai mbele yake, akaosha kikombe cha kwanza, akaosha cha pili, akakirudia cha kwanza. Kule nyuma kabisa mvulana mmoja akaita, "Mathe, hiyo ishatakata!"

Ukumbi wote ukaangua kicheko. Wavulana waliofungiwa bwenini tangu muhula uanze wangecheka hata pazia likianguka. Mama yako akainua kikombe, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Bado." Akaendelea kuosha. Walicheka mpaka mwalimu mkuu akatoa leso akajipangusa machozi. Neno hilo halikuwa kwenye mchezo. Mimi sikuliandika.

Tukirudi tulisimama Salgaa kula, kwenye hoteli moja ya madereva wa malori. Karis alikuwa anaigiza kicheko cha mwalimu mkuu, na wote tulikuwa tumechangamka, kwa sababu mwalimu huyo alikuwa ameshawapigia simu wenzake wa shule nyingine kutusifu. Mama yako alikuwa ananitazama. Chakula chake kilikuwa kimepoa.

"Sasa kesho unataka nioshe ngapi?" akaniuliza.

Nekesa, nilidhani ananiuliza swali la kazi. Nikafikiria, ugali mkononi, kama mtu anayepiga hesabu. Nikamwambia, "Osha mpaka wachoke. Na hiyo 'bado' tuiweke, iko poa sana."

"Sawa, dairekta," akasema.

Kuanzia shule iliyofuata nilimweka Karis nyuma ya ukumbi, amevaa sweta ya shule kama mwanafunzi, ili ayaite maneno yale ikiwa hakuna mwanafunzi wa kuyaita mwenyewe. Ilishika kila mahali. Shule za wasichana ndizo zilizocheka zaidi. Walimu wakuu waliokuwa hawashiki simu zetu wakaanza kutupigia wao, na mwalimu mmoja wa Kiswahili kule Bahati akaniambia kwamba amefundisha hadithi hiyo mara nyingi bila kugundua kwamba inachekesha. Nilimshukuru, nikamshika mkono kwa mikono miwili. Mama yako aliosha vikombe vile muhula mzima. Hakukosa onyesho, hakusahau mstari, na kila mara alisema "Bado" kwa sauti ile ile.

Kuna jambo jingine ambalo mama yako hatakuambia kamwe, nami nilikuwa nimejiapia vivyo hivyo. Onyesho la mwisho lilikuwa Jumamosi, na kwa kuwa hukuwa na shule tulikuchukua. Uliketi mbele na wanafunzi wakubwa, wamekupakata. Ilipofika sehemu ya vikombe ulicheka, Nekesa. Karis alipoita ukageuka kumtafuta, halafu ukaanza kuita pamoja naye, kwa ile sauti yako ndogo, na wasichana wakakupigia makofi. Usijilaumu. Ulikuwa mtoto na hukujua ulikuwa unacheka nini. Ulicheka mahali ambapo baba yako alikuwa amepanga watu wacheke. Nakuambia kwa sababu unaingia kwenye kazi hii, na sitaki uambiwe na mtu mwingine.

Shule zilipofungwa mama yako alikwenda Longonot kumsaidia dada yake na hoteli pale karibu na stesheni, akasema ni kwa likizo, na hakurudi. Wewe ulibaki nami kwa sababu ya masomo, ndivyo tulivyokuambia, na haikuwa uongo. Hatukugombana. Ningefurahi tungegombana. Nilipomfuata alinipa chai, akaniuliza kama Nissan imepata gia, akanisindikiza hadi barabarani tukiongea juu ya mvua. Nilisimama pale nikingoja gari nikaelewa kwamba alikuwa amemaliza, jinsi mtu anavyomaliza kibarua akanawa mikono akaenda kwao. Nilirudi tena mara nyingi. Chai ilikuwa ile ile.

Kundi lenyewe lilikwisha pole pole. Shule sasa zinaweza kuwaonyesha watoto video, na hadithi zinazotahiniwa zimebadilika. Karis anaendesha boda. Tukikutana pale steji ananiita dairekta, na kila mara nashtuka. Mimi naandikia shule za msingi mashairi ya kughani kuhusu kupanda miti na kupiga mswaki. Pazia la maua tulilikata shangazi yako akafunikia makochi. Ulipokuja na habari kwamba umepata hiyo kazi ya Nairobi nilikukumbatia, na mbele ya watu nilisema ninajivunia. Usiku huo nilikaa kitandani nikiwa nimeogopa sana. Ni mimi niliyekufundisha kugawa onyesho. Ni mimi niliyekuwa nakupa hadithi ukiwa darasa la sita nakuuliza, haya, hapa mikono inafanya nini? Na ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua kila mara.

Nadhani unangoja nikuambie usiguse mambo ya nyumbani, uandike ya kubuni. Ningeweza kukuambia hivyo na ungeniheshimu. Lakini sijui mahali pengine mikono inapopatikana. Utaitoa kwa mama yako, utaitoa kwangu, utaitoa kwa mwanamume atakayekupenda akadhani yuko jikoni kwake peke yake. Nimeitafuta njia safi ya kuifanya kazi hii na sikuipata, na sidhani utaipata kwa sababu wewe umesoma chuo. Ukiomba ruhusa, mtu atakupa kwa sababu anakupenda, na hiyo nayo si ruhusa. Mama yako alifikia hata kuniambia niweke maji.

Sasa ukurasa wako. Unadhani nimeukataa kwa aibu. Ningekuwa na aibu tu ningeuandika. Aibu nimeizoea, tunaishi nayo humu ndani kama mpangaji. Kinachonishinda ni kingine.

Nikifumba macho nikajaribu kumwona mama yako pale kwenye mfereji, namwona amejifunga leso ya njano. Leso hiyo tuliinunua kwa ajili ya mchezo. Nikimvua leso, ameketi kwenye kigoda, na kigoda kilikuwa cha kanisa. Nyumbani nadhani aliinama, au alichuchumaa, sina hakika. Jirani mmoja anamwambia, "Mama Nekesa, wacha, hizo zishatakata," na anasema kwa sauti ya mvulana wa shule. Mama yako anajibu, "Bado."

Hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Sijui kama alilisema neno hilo siku ile. Huenda alilisema pale nje mbele yetu sote, na kule shuleni likamtoka tena kwa sababu lilikuwa lake na la mtoto wake, na mimi nikalichukua nikampanga Karis amchokoze alitoe kila siku. Huenda pia alilibuni mchana ule ili tu amjibu mvulana yule. Nimejaribu kuitenganisha siku na mchezo, na kila ninachokishika ni cha mchezo. Nilikuwa nimeketi mlangoni nikimwona kwa macho yangu, na nimemwandika mara nyingi mpaka nimemfuta.

Simiyu naye ni hivyo hivyo. Picha yake ni ile moja ya kanisani, na amefumba macho. Kwenye mchezo mtoto alikuwa mto wa kochi tuliouviringishia blanketi, na mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba, kwa kuwa tulikuwa na upungufu wa waigizaji. Pale wodini muuguzi aliniachia ndugu yako nimshike kidogo kabla ya kumchukua. Nikitafuta uzito wake mikononi, ninaoupata ni wa ule mto. Nilimshika mwanangu, Nekesa, na sijui alikuwa mzito kiasi gani.

Kwa hivyo sina ukurasa wa kukupa. Nikikuandikia utakuwa ule mchezo wangu, na wewe utauamini kwa sababu mimi ni baba yako, utaupeleka jukwaani, na utakuwa uongo wangu umerudi ukiwa umevaa vizuri.

Anayejua ni mama yako peke yake. Kesho chukua gari la kupitia Mai Mahiu, ushuke Longonot. Usimwombe kitu. Msomee barua hii yote, na pale Salgaa usiruke, halafu ukae naye, msaidie kupanga meza kama kuna wateja. Sina matumaini makubwa. Ameshika siku hiyo peke yake miaka yote hii, na sioni kwa nini atupe sisi, watu wawili waliocheka. Akinyamaza, basi, ondoa sehemu hiyo kwenye mchezo wako. Mama aingie nyumbani, taa zizimwe, na watazamaji wakasirike wakitaka.

Akikuambia, fanya utakavyo. Una mkono mwepesi kuliko wangu na unampenda kuliko nilivyojua kumpenda. Lakini kabla hujaiandika, kabla hujamwonyesha mtu yeyote huko Nairobi, nipigie simu. Usinipangie vizuri, usinitafutie maneno. Niambie tu alikuwa amevaa nini, na alisema nini, na kama anakumbuka mtoto alikuwa na uzito gani. Mimi nilikuwa hapo, na ningependa kujua.

Baba yako